Kwa Ombi Lake Mwenyewe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, kapteni wa kikosi chetu aliniambia nikae. Kwa kawaida askari husimama mbele ya meza yake. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, nami niliitazama ili nisimtazame usoni.

Tulikuwa katika kambi moja upande wa Hounslow, London, ndege zikipita juu yetu bila kupumzika. Nilikuwa nimetumikia jeshi la Waingereza miaka mitatu na miezi miwili. Miezi minne kabla ya siku ile niliteleza mlimani kwenye mazoezi, nikiwa na mzigo mgongoni, na kano za goti la kulia zikakatika. Tangu hapo nilikuwa stoo, nagawa sare na buti. Bodi ya madaktari ilikuwa inikague baada ya wiki saba.

Kapteni alikuwa mtu mpole. Aliniuliza habari za goti, kisha akasema, "Si lazima ukae hapa ukisubiri. Wengine hupenda kuendelea na maisha yao. Hatutakuzuia."

Nimekulia Tanga, katika nyumba ambamo mgeni hangoji kuonyeshwa mlango. Mwenyeji akisema hakuzuii, au akianza kuuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi, mgeni husimama, huomba ruhusa, hushukuru, huaga. Anayebaki amekaa mpaka aambiwe waziwazi amejivunjia heshima, na amemtia mwenyeji aibu. Niliona kapteni ananiaga kwa staha, na kwamba ni wajibu wangu kumpunguzia kazi ya kusema zaidi.

Alasiri ile ile niliandika barua. Kiingereza cha barua rasmi nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha mtumba nilichonunua sokoni Walthamstow, nami nilitumia karibu kila nilichojifunza humo. Niliomba kwa heshima niruhusiwe kuondoka jeshini. Nikawashukuru kwa kunipokea na kunilea. Mwisho nikaandika kwamba sina dai lolote juu ya mtu yeyote. Hivyo ndivyo tunavyoagana kwetu: mtu huomba radhi, na husema haondoki na kinyongo.

Waliniachia kwa haraka iliyonishangaza. Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu yenye maana. Wa kwanza ulihusu tabia, na yangu iliandikwa nzuri sana. Wa pili ulihusu sababu ya kuondoka, lakini hapakuwa na sababu, palikuwa na namba tu ya kifungu cha kanuni. Wa tatu ulisema naruhusiwa kuomba kujiunga tena. Niliitia katika bahasha, nikahamia kwa dada yangu mkubwa Walthamstow, na kwa siku kumi na moja sikuifungua tena.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda maktaba kutafuta maana ya ile namba. Nilikaa mpaka wanafunga. Namba yangu ilisema askari ameondoka kwa ombi lake mwenyewe. Kulikuwa na nyingine, kurasa mbili mbele, ya aliyeondolewa kwa sababu ya afya. Tofauti ya kurasa mbili ilikuwa hivi: askari wa kutoka nje aliyetimiza miaka minne anaweza kuomba kukaa nchini moja kwa moja. Aliyeumia kazini akaondolewa na madaktari anaweza kuomba hata kabla ya miaka hiyo. Aliyeomba kuondoka mapema hana haki hiyo, na hupewa siku ishirini na nane awe ametoka nchini au ameomba viza nyingine. Zangu zilibaki kumi na sita.

Nilimweleza dada jikoni kwake. Alinisikiliza huku anakatakata vitunguu.

"Kwa hiyo waliokuvunja goti," alisema, "ukawaandikia barua ya shukrani."

"Niliwaaga, dada."

"Ungewapelekea na halua."

Binti yake, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alicheka. Mama yake hakucheka. Siku ya pili alinipa anwani ya mwanasheria huko Thornton Heath, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Mama huyo aliisoma nakala ya barua yangu mara mbili, akavua miwani.

"Nani alikushika mkono kuandika hii?"

"Hakuna, mama."

"Kapteni alikwambia uandike?"

"Hapana. Alisema hawatanizuia."

"Na wewe ukaona unafukuzwa."

"Niliona naagwa."

"Mimi nakuelewa. Baba yangu alikuwa anaondoka kwenye harusi za watu kabla ya pilau, eti kaona mwenye nyumba kachoka. Lakini atakayesoma hii si mtu wa Mwanza. Yeye anaona mtu mwenye goti bovu, bado wiki saba akaguliwe, kaandika kwa mkono wake kwamba hana dai. Barua nzuri sana, bwana. Afadhali ungewatukana."

Aliandika kwa jeshi kuomba namba ile ibadilishwe, iwe ya afya. Pia alipeleka ombi la viza ili siku zangu zisiishe nikiwa sina kitu mkononi. Kufanya kazi sikuruhusiwa. Nilikula kwa dada, nikilala sebuleni, nikisoma kanuni. Katika kuzisoma nikaurudia ule mstari wa tatu. Kama naruhusiwa kujiunga tena, basi nijiunge, nimalize miezi kumi iliyobaki, niwe na miaka minne kamili. Mwanasheria alisema halikatazwi.

Sajenti wa ofisi ya kuandikisha askari alifurahi kuiona karatasi yangu.

"Uliondoka kwa hiari?"

"Ndiyo, sajenti."

"Namba yako safi. Kuna watu wanakuja hapa na namba ambazo siwezi hata kuwakaribisha chai."

Alinipeleka kwa daktari. Daktari alinikunja goti, akaniambia nichuchumae, nitembee hivyo hivyo kama bata mpaka ukutani. Hatua ya tatu nilianguka. Aliandika kwamba sifai kwa jeshi, na kwamba sitafaa. Sajenti alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Pole, rafiki. Ungekuwa na goti ningekuchukua leo."

Kwa hiyo nilikuwa na karatasi mbili za jeshi moja. Ya kwanza ilisema nimeondoka kwa kupenda. Ya pili ilisema sina goti la kurudia. Mwanasheria alipoiona hiyo ya pili alipiga meza kwa kiganja. "Sasa wamejisemea wenyewe," alisema, akaituma siku ile ile.

Jibu la jeshi lilichukua miezi mitano, nalo lilikuwa aya mbili. Daktari, waliandika, amezungumzia goti la leo, si la siku niliyoondoka. Na kwa kuwa nilijitoa kabla ya bodi kukaa, hakuna uamuzi wa bodi wa kutegemea. Sababu ya kuondoka inabaki ile aliyoitaja askari mwenyewe. Waliambatisha nakala ya barua yangu. Mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu chini ya maneno kwamba sina dai.

Nilikuwa na mchumba, muuguzi kutoka Moshi, ambaye alikuwa na kibali cha kudumu cha kukaa Uingereza. Harusi tuliipanga iwe nyumbani mwaka unaofuata, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Badala yake, kwa kuwa ombi langu la viza lisingesimama bila namba ya afya, tulifunga ndoa ya serikali ndani ya wiki sita, mashahidi wakiwa dada na mumewe. Mjomba wa mke wangu alinipigia simu siku tatu kabla.

"Kijana, nikuulize moja. Unamwoa binti yetu au unaoa karatasi?"

"Namwoa binti yenu, mjomba."

"Ungemwoa mwezi huu kama ungekuwa na karatasi?"

Jibu la kweli lilikuwa hapana, ningengoja nimwoe inavyostahili, lakini kwa simu lisingesikika hivyo. Mjomba huyo hajawahi kukanyaga nyumba yetu. Mama yangu aliiona harusi yangu kwenye picha nne.

Kapteni simlaumu. Nadhani alimaanisha alichosema na si zaidi: ningeweza kukaa, ningeweza kuondoka. Alidhani ninajua ninachokiomba.

Njia ya ndoa ilichukua miaka mingi, na kila hatua ilikuwa na ada yake. Risiti ninazo zote kwenye faili, pamoja na za mwanasheria, za wafasiri wa vyeti vya Tanga, na za picha za pasi. Nilipozijumlisha nijue barua ile ilinigharimu kiasi gani, niliondoa ada ya kibali ambayo ningelipa hata kama ningeingoja bodi. Fidia ya kuumia kazini sikuitia, kwa kuwa sijui ingekuwa kiasi gani, na siandiki namba nisiyoijua. Goti sikulihesabu. Iliyobaki ni pauni elfu saba, mia tatu na kumi na nane.