Mzee Nyasi Anunua Mabati

Mtaa mzima ulimwita Mzee Nyasi, naye aliitika. Kwa miaka thelathini aliezeka nyumba za watu kwa nyasi, akaambulia sifa na nyonga mbovu. Kisha mabati yakaingia, paa moja baada ya jingine, mpaka nyumba ya nyasi ikabaki moja tu, ya kwake. Nayo ilivuja. Mganga hajigangi.

Mkewe, mshona sare za shule, alitaka mabati. Kila mwaka kabla ya mvua alitaja panya, akataja moto, akataja vumbi linaloangukia vitambaa vya watu. Mzee alikuwa na jibu la kila neno. Mabati ni joto. Mabati ni kelele. Mabati hushika kutu, na kutu haizibwi kwa konzi ya nyasi. Akishamaliza kujibu, hutwaa ngazi na kamba, akapanda kuziba huku akiimba.

Binti yao alikuja na shauri la vigae. Alikuwa ameviona mahali, vyekundu, vinapendeza. Seremala akaitwa, akagonga boriti moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa.

"Vigae ni vizito. Miti hii haivibebi. Ni nyasi au bati, hakuna la tatu."

Binti akarudi kwake, wazee wakabaki na mzozo wao.

"Sema kweli, Mama Watoto," mzee alisema jioni ile wakila. "Unaionea haya kazi yangu."

Mke aliondoa sahani kabla mzee hajamaliza kula, akarudi kwenye cherehani. Siku ya tatu mzee akasimamisha ngazi. Mke akaacha cherehani, akatoka, akasimama mbele ya ngazi, mzee asipate pa kukanyaga.

"Sioni haya, Baba Watoto. Naogopa. Mwaka jana uliteleza, ukaning'inia kwa mkono mmoja, ukashuka unacheka. Mimi sikucheka. Tangu siku ile, kila ukipanda nashika ngazi hii najiuliza nitaishije bila wewe. Panya siwajali hata kidogo. Nakutaka chini."

Mzee alisimama na kamba yake begani. Kisha akailaza ngazi kando ya ukuta, polepole, akaingia ndani, akavaa shati safi, akaenda dukani.

Huko dukani, tusimfichie, alituchekesha. Alilinusa bati. Akaligonga, akalitegea sikio, akamuuliza muuzaji limevunwa msimu gani. Alichagua yaliyo manene, na hapo hakukosea. Ila idadi aliipiga kwa hesabu ya nyasi, ambazo kila tabaka hufunika nusu ya lililo chini yake, na mabati yakaletwa karibu mara mbili ya yaliyohitajika. Seremala alicheka mpaka akakaa.

"Mzee wangu, bati humlalia mwenzake migongo miwili tu. Inatosha."

"Nani kakwambia inatosha?" mzee aliuliza, lakini hakushindana sana. Yaliyozidi yakaezeka jiko na choo.

Siku ya kazi, nyasi za zamani ziliposhushwa, mzee alizipokea mwenyewe, akazifunga mafungu, akazipanga vizuri kama za kwenda kuezeka kwa mtu. Ilimuuma. Alipangusa macho akasingizia vumbi, na mkewe akamwachia uongo huo.

Kisha seremala akapanda, misumari mdomoni, nyayo zake zikitafuta papi, zile mbao za kupigilia bati. Mzee akasimama chini, kando ya mkewe. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kulitazama paa lake likiezekwa akiwa upande huu. Seremala aliinama kufikia pembe ya mbali, kisigino kimoja kikabaki hewani, na mzee akajikuta amemshika mkewe mkono. Kiganja cha mkewe kilikuwa kimelowa jasho.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nikionekana?" aliuliza.

"Wewe ulikuwa unazidi. Ulikuwa unaimba."

Mzee hakucheka. Alikitazama kile kisigino mpaka kikapata pa kukanyaga, akashusha pumzi.

"Nisamehe, mke wangu," alisema. "Kumbe kazi ngumu ilikuwa ya huku chini."