Shingo ya Tatu ya Banjo ya Okwir

Saa mbili asubuhi, Namuwongo, Kampala, hatua chache kutoka reli. Perpétue Nabintu ameketi kwenye kigoda barazani, amebana kipande cha mbao katikati ya magoti, anakikwangua kwa kigae cha chupa. Anakwangua mara tatu, anaacha, anakigonga kwa kifundo cha kidole na kukitegea sikio kama anasubiri mgonjwa ajibu.

"Hii imekauka," anasema. "Hii haitanidanganya."

Kipande hicho ni shingo ya banjo. Ni ya tatu kuichongea banjo ileile, na zile mbili za kwanza hapendi kuzizungumzia. Lakini ndizo zilizomkosesha raha tangu mwaka jana, basi anazizungumzia.

Perpétue, mwenye umri wa miaka 44, alifundishwa kazi hii na baba yake huko Bukavu, kabla vita havijamtoa nchini kwao na kumleta Kampala na binti yake Estelle. Hapa hutengeneza magitaa ya kwaya na kuwamba ngoma za makanisani. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi laki mbili na nusu, na kodi ya chumba inameza laki moja. Mwezi ukiwa mbaya, anasema, "tunakula bugali na hasira."

Mwenye banjo ni Okwir, mzee wa Naguru aliyeipigia bendi ya polisi hadi alipostaafu. Ni banjo ya nyuzi nne, ya zamani sana, ngozi yake imewambwa kwenye duara la chuma lililokwisha kufifia. Alipewa siku aliyoaga kazi, na tangu hapo amewapigia maharusi na wafiwa bila kubagua.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshukia mkononi. Mwiba wa samaki ulimchoma kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidonda kikakataa kupona, kidole kikakatwa.

"Hii ya nyuzi nne inataka vidole nne," anasema Okwir. "Mimi iko na tatu. Basi mimi nakuja kwa Mama Estelle."

Alikuwa ameona kwenye simu ya mpwa wake mtu akipiga banjo ya nyuzi tano. Uzi wa tano ni mfupi, huanzia katikati ya shingo, na hupigwa kwa dole gumba la mkono wa kulia. Nyuzi zote zikikazwa inavyotakiwa, hulia vizuri kwa pamoja hata usipozibonyeza, na vidole viwili vya kushoto vinatosha kuleta wimbo. Ila kazi hiyo inadai shingo nyingine, ndefu na pana zaidi.

Perpétue alijiamini kupita kiasi. Hilo analikiri mwenyewe. Badala ya kuiweka shingo ya zamani kando na kuchonga mpya, aliipasua ili aipanue kwa kuunga ubao ubavuni. Ikavunjika vipande. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na kurudi kwenye nyuzi nne, na mzee hakuwa tena na chombo cha kupiga.

Shingo mpya ya kwanza aliichonga kwa mbao aliyouziwa kwa kiapo kwamba imekauka. Alipokaza nyuzi ilipinda mchana mmoja tu. Ya pili alianza kwa kuianika mbao miezi minne, akaichonga, akaipiga msasa, kisha mvua ya Novemba ikaleta maji ya mfereji hadi ndani. Aliikuta inaelea kando ya sufuria, imevimba.

Huko Naguru kidonda hakikungoja mbao ikauke. Kidole cha pete kilikatwa Desemba. Februari kikafuata cha shahada.

"Kila mara miye nakosea, yeye anapoteza kidole," anasema Perpétue. "Miye njo nilimukulia mukono." Anajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao, na vumbi linamzidishia machozi.

Hakuna anayemlaumu. Hilo halimsaidii kitu.

Mbao anayoichonga leo aliletewa na Okwir mwenyewe mwezi uliopita. Alishuka kwenye bodaboda akiwa ameukumbatia mfumbati wa kitanda chake, ule ubao mrefu wa ubavuni. Ni mvule, wa mwaka 1981 alipooa. Adyero, mkewe, alifia kwenye kitanda hicho. Kampala nzima Perpétue asingepata mbao iliyokauka kuliko hiyo.

"Afande, sasa utalala wapi?" alimuuliza.

"Chini. Polisi anajua kulala chini."

Saa nne Okwir anafika, mkono wa kushoto umefungwa bandeji hadi karibu na kiwiko. Leo ni Jumatatu. Alhamisi madaktari wataukata kwenye kifundo cha mkono. Anaketi, anaipapasa shingo mpya kwa mkono wa kulia, juu hadi chini. Ni laini mno.

"Shaba iko wapi?"

Vile vipande vyembamba vya shaba vinavyopangwa kwenye shingo, kuonyesha kidole pa kubonyeza, bado vimo kwenye kopo la maziwa ya unga. Ni ishirini na viwili. Perpétue anaangalia chini.

"Afande, nilifikiri tuache vile. Nyuzi zitalia zenyewe. Utapiga na mukono ya kuume."

Hathubutu kusema kwamba vidole vya kubonyeza havitakuwapo. Mzee ameshaelewa. Anamsogezea kopo.

"Weka," anasema. "Weka yote. Daktari anakata mimi. Banjo hapana."

Anaondoka. Perpétue hajui kama mzee atapiga tena, na hataki kudanganya kwamba anajua. Estelle anamletea chai, inapoa pembeni. Anachukua nyundo ndogo na kumimina shaba kwenye kanga mapajani.

"Nia yangu iko moja tu," anasema. "Akiamuka kule kwa munganga, asikute nimeiacha nusu tena."

Anagongomea kipande cha kwanza. Vimebaki ishirini na kimoja.