Kufuli la Saba Saba

Nyumbani kwetu tarehe saba mwezi wa saba haikuwa sikukuu wala siku ya kazi. Ilikuwa siku ya kufuli. Baba aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akatoka na kandambili zake, akafunga geti, kisha akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati, na ufunguo haukutoka humo mpaka tarehe nane. Ukitaka mkate ungeununua jana yake. Ukiwa na mgeni, mgeni wako angelala. Mimi nimekua hivyo, nikaolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi kwa wazazi mtaani Donholm na mabegi mawili, nikakuta kufuli ni lilelile.

Lilelile kweli, sitii chumvi. Ni kufuli la shaba, zito, lililoanza kazi Shauri Moyo tulipokuwa tunaishi chumba kimoja, karibu na Soko la Burma kiasi cha kusikia mapanga ya wauza nyama asubuhi. Tulipohama, Baba aliacha kitanda, akaacha na meza. Kufuli alilifunga kwenye taulo akalibeba mwenyewe.

Sababu tulipewa tukiwa wadogo. Mwaka wa 1990, tarehe hiyo, watu walikwenda uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, wakakutana na gesi ya machozi na marungu. Baba mdogo, ndugu wa Baba wa kufuatana naye, alikuwa anaishi nasi na kufanya kibarua viwandani. Alikwenda. Alikamatwa, akapigwa mgongo ukaharibika, akafungiwa wiki kadhaa, na alipoachiliwa alipanda basi la kwenda nyumbani magharibi moja kwa moja. Hakulala tena chini ya paa la Baba. Alifariki nikiwa kidato cha pili. "Ndiyo maana tunafunga," Baba alikuwa akituambia. "Angekaa ndani, angekuwa hai."

Siku hiyo ya Kamukunji nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni sakafu ya chini ya kitanda, harufu ya mafuta ya taa, Mama amenibana kichwa kifuani, na mtu akibisha mlango kwa kiganja, tena na tena. Baba alisema ni askari.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na shuleni nina ubao wangu ukumbini ambapo naandika mambo yaliyotokea siku kama ya leo. Wanafunzi wanaupenda kuliko masomo yenyewe. Tarehe saba Julai ilikuwa inanichekesha na kuniudhi pamoja. Majirani zetu Tanzania wanaisherehekea kwa maonyesho ya biashara, watoto wanakula aiskrimu, kwa kuwa chama kilichodai uhuru wa Tanganyika kilianzishwa tarehe hiyo mwaka wa 1954. Kisha juzijuzi hapa dunia nzima ikaipa lugha yetu tarehe hiyohiyo iwe siku yake, nami nikawa nafundisha watoto kughani mashairi ya kuipokea. Halafu kuna Kamukunji yetu. Yote hayo niliyaandika ubaoni kila mwaka tarehe sita, kwa sababu tarehe saba yenyewe mwalimu wa Kiswahili alikuwa mfungwa wa babake. Mwalimu mkuu alikuwa akiniuliza kama malaria yangu inajua kusoma kalenda. Mwanamke wa miaka arobaini, na nywele nyeupe zimeanza, nilikuwa nasema uongo wa mtoto wa darasa la tatu. Nilikasirika, nikanyamaza. Aliyerudi kwa wazazi na mabegi mawili hana sauti kubwa katika nyumba hiyo.

Mwaka jana tarehe hiyo ikaangukia Jumatatu, na Jumatatu ilikuwa siku ya Mama. Figo zake zilikuwa zimekufa miaka miwili nyuma. Kila Jumatatu na kila Alhamisi alipaswa kulazwa saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali moja ndogo upande wa Makadara. Kukosa siku moja si mchezo. Maji anayokunywa hayana pa kutokea, na daktari alikuwa amempimia kikombe, kidogo kama cha kahawa, akamwambia hicho ndicho rafiki yako.

Kumbe Jumamosi muuguzi alikuwa amepiga simu. Alisema barabara zitafungwa Jumatatu, maandamano yanakuja, mleteni Mama kesho Jumapili. Simu aliipokea Mama mwenyewe. Akashukuru vizuri, akasema Jumapili haiwezekani. Ilikuwa zamu yake ya kuongoza kina mama kanisani, kitambaa chake cheupe cha kichwani kimeshapigwa pasi, na wageni kutoka magharibi wako njiani. Akakata simu, akaendelea kuchambua mboga. Hakuna aliyeambiwa. Jumapili aliongoza, na aliongoza vizuri, sitamnyima sifa yake. Baada ya ibada wageni wakaandaliwa chai. Kwetu mwenyeji haketi na kikombe kitupu mbele ya wageni, hiyo ni kuwaambia waende zao. Basi Mama, mwenye kikombe cha kupimiwa, akanywa vikombe vitatu vikubwa vya chai ya maziwa, kwa heshima.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda kwa sababu kulala hakuwezekani. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole vimepotea. Maneno yalikuwa yanatoka mawili mawili. Hapo ndipo aliposema habari za simu na za chai, na mimi, Mungu anisamehe, nilimgombeza mgonjwa. Nilimwambia kwamba mbinguni hakuna cheti cha kunywa chai. Kisha nikampigia muuguzi. Akanisikiliza, akasema nafasi ipo mpaka saa sita mchana, baada ya hapo mashine ina mtu mwingine. Nikamuuliza kuhusu kesho. Akasema, "Madam, kwa hayo unayonieleza, kesho usiitegemee. Maji yakijaa kwenye mapafu hatutakuwa na la kufanya."

Ambulensi mbili zilisema haziwezi kupita. Wa bodaboda tunayemjua alikuwa amezima simu. Nje kulikuwa na kimya cha ajabu, hata redio za majirani zilikuwa zimepunguzwa. Mwisho nikamwita mtu anayetuuzia maji, Mkamba mmoja mpole anayelaza mkokoteni wake nyuma ya nyumba yetu. Nikazungumza naye kupitia juu ya ukuta. Akashusha mitungi yote chini bila kuuliza swali la pili, akatandika gunia. Kilichobaki ni geti.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwenye geti, redio ndogo sikioni.

"Baba, lete ufunguo. Mama anazidiwa."

"Leo hakuna anayetoka."

"Hukunisikia. Hawezi kupumua."

"Nimesikia. Huko nje watamuua upesi zaidi. Tutaomba, tutangoja kesho."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwita mwoga. Nilisema nitavunja hilo kufuli kwa nyundo, na kweli nilikwenda kutafuta nyundo, na kweli hatukuwa nayo. Niliporudi mikono mitupu nilitaka kulia kwa hasira. Miaka yote hiyo nilidhani nimezoea kufungiwa, kumbe nilikuwa sijawahi kuwa na sababu ya kutoka.

Mama alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakupaza sauti, pumzi hakuwa nayo.

"Mzee," akasema. Akapumzika. "Mpe ufunguo. Usinifanyie kama ulivyomfanyia ndugu yako."

Sikuelewa. Nilimwona tu Baba akiishusha redio mapajani, akazima. Kisha akasimama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Ufunguo ulimshinda kuingia tunduni mara mbili. Geti lilipofunguka alisogea kando. Nikadhani atakuja nasi, asukume mkokoteni na mwanamume mwenzake. Akasema, "Mimi nitabaki hapa getini." Nikamdharau. Nasema ukweli, nilimdharau kabisa, na nikaondoka bila kumuaga.

Njia ilikuwa tupu kiasi cha kutisha, na mawe katikati ya lami. Muuza maji alivuta, mimi nikasukuma, Mama juu ya gunia amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisa, kwa sababu alikataa kutoka nje bila kujisitiri. Kila tuta lilimtoa mguno. "Tulia hapo, mathe," muuza maji alikuwa anamwambia, "tutafika tu." Pale Jogoo Road tukakuta waya wa miba umevutwa barabara nzima na askari wamesimama nyuma yake. Mmoja akatuonyesha kwa rungu turudi tulikotoka.

Nikatoa kadi ya hospitali. Hakuitazama. Nikaanza kumweleza kwa ukali, jinsi ninavyowaeleza watoto wasiofanya kazi ya nyumbani, na nikaona kila neno langu linamfanya awe mgumu zaidi. Saa tano ilikuwa imepita. Mama akakunja mkono wa sweta. Pale kiwikoni ana mshipa ambao madaktari waliuunganisha kwa ajili ya mashine, umetuna, na ukiugusa unatetema.

"Mwanangu," akamwambia askari. "Weka mkono hapa."

Yule kijana akamtazama, akanitazama mimi. Akavua glavu, sijui kwa nini. Akaweka vidole viwili juu ya ule mshipa, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu mtu hategemei mkono wa mwanadamu ungurume vile. Akavirudisha vidole vyake haraka.

"Inauma?"

"Hapana. Ikinyamaza ndiyo mbaya."

Akavuta waya kando kwa buti, kiasi cha mkokoteni kupita. Hakutuambia chochote tena, na sisi hatukungoja.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi. Walimpima uzito, muuguzi akatikisa kichwa, wakamwunganisha. Baada ya saa moja hivi alianza kutoa sentensi nzima, na nilikaa pembeni mwake nikiwa nimechoka mpaka kwenye meno. Ndipo nikamuuliza alimaanisha nini pale mlangoni.

Mama aliangalia mirija kwanza. Kisha akaniambia. Baba mdogo alikuwa amewakimbia askari kutoka Kamukunji mpaka mlangoni kwetu, na alibisha. Baba alikuwa amesimama ndani na lile kufuli mkononi. Aliogopa kwamba akifungua wataingia wote, na ndani kuna mke na mtoto. Ndugu yake alibisha, akamwita kwa jina la utotoni ambalo marehemu mama yao pekee ndiye alikuwa analitumia. Baba hakufungua. Wakamkamatia pale mlangoni, wakamwanzia hapohapo.

"Baba alisema ni askari," nikamwambia. "Nyote mlisema."

"Wewe ulijua si askari. Ulimjua kwa kubisha kwake. Ulianza kumwita, 'baba mdogo, baba mdogo.'" Akautazama mkono wake. "Mimi nilikuziba mdomo."

Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mitano nikidhani alikuwa amenibana kichwa. Nilitoka nikaenda kusimama chooni, nikafungua maji yatiririke ili wasinisikie. Nilimlilia baba mdogo kwa mara ya kwanza, na sikujua nimkasirikie nani. Nilijaribu kumkasirikia Baba, kama asubuhi, hasira ikakataa kusimama.

Tulitoka saa kumi. Muuza maji alikuwa amelala chini ya mkokoteni wake, akaamka akacheka alipomwona Mama ameshuka ngazi kwa miguu yake. Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Kuelekea barabara ya Outer Ring kulikuwa na moshi, milio ilikuwa inasikika karibu, na watu walikuwa wanatupita mbio, macho mekundu, bila kuangalia nyuma. Gesi ikatufikia. Mama nilimfunika kwa kitambaa chake. Nilichokuwa nakiogopa wakati huo si askari. Niliogopa kufika nyumbani, nibishe, na Baba awe amesimama upande wa pili na ufunguo mfukoni, hajui ni sisi au ni akina nani. Nilifikiria nitamwita kwa jina gani ili afungue.

Geti lilikuwa wazi. Bawa moja limesukumwa mpaka ukutani na kuzuiwa kwa jiwe. Uani kulikuwa na watu sita au saba nisiowajua. Mwanamke mmoja mwenye aproni ya kuuza chapati alikuwa anaosha macho kwenye bomba letu, wanaume wawili wamekaa kwenye ngazi wakikohoa, mzee mmoja amekumbatia kiatu kimoja. Baba alikuwa katikati yao, ndoo mkononi, shati limelowa lote. Alipomwona Mama ameketi wima juu ya gunia aliiweka ndoo chini. Akaja, akamshika mkono pale kwenye mshipa, akaushikilia muda mrefu.

Nikamtazama, nikawatazama wale watu.

"Walibisha," akasema.

Mama ndiye aliyeongea, akiteremshwa.

"Na hawa wageni hawajapewa chai?"

Basi nikaingia jikoni kupika chai, mikono bado inanuka gesi. Niliigawa kwa vikombe vyote tulivyo navyo, hata vile vya kabatini vya Krismasi. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki cha Baba, kati ya wale watu, na kikombe kitupu mapajani, akiwahimiza wanywe. Baba alikuwa amefunga geti ili gesi isiingie, ila bila kufuli, kwa komeo tu. Ndipo mtu mwingine akabisha kutoka nje, kwa kiganja, mara nyingi. Wote uani wakageukia geti. Nikaweka birika chini niende, lakini Baba alikuwa ameshainuka.