Paka Wangu Hakuwa wa Stoo

Paka akiacha kula, watu wa huku kwetu hawaendi kwa daktari. Wanangoja apone ama afe. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo, tena kwa sauti, mbele ya kina mama wa kanisa, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Jirani yangu mmoja alikuwa ameweka kuku wake alalie mayai chini ya kitanda. Nikamsema kwenye mkutano: "Nyumba ni ya watu. Mnyama ana mahali pake." Aliangalia chini. Mimi nikaendelea na mambo mengine.

Sasa paka wangu akakataa chakula. Visamaki vya omena alivinusa, akaenda zake. Maziwa yaliingia nzi. Alikonda mpaka nikimpapasa mgongo nahesabu mifupa. Siku ya soko nikamtia kwenye kiondo, nikafunika na leso, nikashuka Nkubu. Mtu akiuliza nimebeba nini, najibu kuku.

Duka la dawa za mifugo lilikuwa limejaa wanaume wenye shida za ng'ombe. Kiondo kikalia nyau. Mzee mmoja, niliyekuwa nimemjibu hivyo mlangoni, akageuka.

"Mama, huyo kuku wako ni wa kabila gani?"

Wakacheka. Na nani akaingia wakati huo? Jirani yangu, amekuja kununua chakula cha vifaranga. Akasimama nyuma yangu.

Daktari wa hapo ni kijana, anaweza kuwa mjukuu wangu. Alimtoa paka, akavuta ngozi ya shingo. Ilikaa imesimama, haikurudi haraka. Akamnusa mdomo, akakunja uso.

"Shosho, anakunywa maji sana?"

"Kama paka wengine."

"Anakojoa sana?"

"Nitajuaje? Analala stoo."

Akaweka mikono juu ya meza. "Inaweza kuwa figo. Inaweza kuwa kitu kingine. Usiponiambia anakunywa na kukojoa namna gani, nitabahatisha tu, na huyu hana nguvu ya kungoja nikosee."

Paka alikuwa amelala ubavu mezani, hata hakujaribu kutoroka. Nilihisi jirani yangu anapumua nyuma ya shingo yangu.

"Anakunywa mpaka anaingiza kichwa kwenye ndoo," nikasema. "Na anakojoa sana."

"Umejuaje, kama yuko stoo?"

"Analala kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kitandani, kijana! Miguuni pangu. Blanketi nimefua mpaka limepauka."

Wanaume walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Jirani yangu hakucheka, na hapo ndipo niliona aibu kabisa. Aliuliza tu, "Tangu lini, mwenyekiti?"

"Tangu lini nini?"

"Kukojoa hivyo."

"Tangu tuvune mahindi."

"Hapo sasa umenisaidia," daktari akasema.

Alimtia maji chini ya ngozi kwa sindano, akatoa damu ya kupeleka maabara huko Meru mjini. Akanionya nisimpe dawa yoyote ya maumivu ya watu, itamuua. Nisimnyime maji hata akikojoa wapi. Nimchemshie nyama ya kuku bila chumvi, nimpe ikiwa na joto kidogo ili asikie harufu. Akikataa hata hiyo, nimrudishe kesho yake, nisingoje.

Tulipanda mlima pamoja, mimi na jirani. Pale kwenye mashamba ya majani chai nikasimama.

"Nilikukosea kwa maneno ya kuku."

"Ulinikosea mbele ya watu wote," akasema. "Sasa unaniomba msamaha hapa, nikiwa peke yangu?"

Akaenda na mfuko wake.

Majibu ya damu yalirudi, ikawa ni figo. Daktari alisema haziwezi kuwa mpya tena, lakini akila na akinywa tunaweza kumshikilia kwa muda asife. Kwa hivyo nachemsha, napoza, nasukuma sahani, nabembeleza. Mimi, ambaye watoto wangu sikuwabembeleza.

Mkutano uliofuata nilisimama. Maneno niliyokuwa nimepanga yote yalinipotea. Nikasema nilimwaibisha huyu mama kwa sababu ya kuku, na mimi usiku nalala na paka, tena mgonjwa, ananikojolea. Basi. Kina mama wengine wakaziba midomo na leso. Uso wangu ulikuwa moto.

Jirani yangu ndiye aliyesema.

"Na leo amekula?"

"Amekula," nikasema. "Kidogo. Kutoka mkononi."