Wodi ya Perege

Mkunga alipostaafu, majirani walidhani sasa atakaa barazani apunge upepo. Hawakumjua vizuri. Mtaa mzima ulimwita Vuta Pumzi, maana ndilo neno alilowaambia akina mama wote waliojifungulia mikononi mwake, na kwa mazoea akawa anamwambia hata muuza nyama anapochelewesha chenji.

Kilichomkosesha raha ni jambo moja la kliniki. Kila alipomkuta mjamzito hana damu ya kutosha, alimwambia, "Mama, kula samaki." Yule mama anaitikia kwa kichwa huku anaangalia sakafu. Mkunga alijua maana yake. Samaki wa sokoni walitoka mbali, wakifika wao wamechoka na bei yao imechangamka.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha tope ambapo hapakuota kitu zaidi ya vyura. Mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, alitaka kukijaza kifusi. Mkunga akasema hapana, hapo litakaa bwawa la samaki. Akaenda kumwita mtaalamu wa samaki.

Mtaalamu alikuwa binti mwenye buti za mpira. Aliokota udongo, akaufinyanga tonge, tonge likakaa bila kupasuka. "Huu unashika maji," akasema. "Hapa bwawa linafaa."

Mkunga alikuwa anamkazia macho. "Wewe nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu."

"Shikamoo tena, mama," binti akajibu kwa unyenyekevu, na tangu siku hiyo hakuweza kumpandishia sauti.

Bwawa lilichimbwa, upande mmoja kina kirefu, upande mwingine kifupi, na bomba la kuingiza maji likafungwa wavu mdomoni. Kinyozi alichimba kidogo, kiuno kikamsaliti, akageuka msimamizi. Maji yalipojaa, mkunga akayaopoa majani yote na vijiti mpaka yakang'aa kama ya kunywa, kisha akamwita mtaalamu aje amsifu.

"Mama, haya ni safi mno," binti akasema. "Tia samadi."

"Nitie nini?"

"Mbolea ya ng'ombe. Maji yageuke kijani. Kile kijani ni mimea midogo sana, ndiyo chakula cha samaki. Chovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiona vidole vyako, maji bado hayajaiva."

"Maisha yangu yote nimefukuza watu wodini kwa matope ya viatu, leo niweke mavi kwenye chakula?"

Aliweka, lakini kwa glovu na barakoa, uso ameugeuzia ukutani.

Vifaranga vya perege vililetwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji, juu imejazwa hewa. Mkunga aliwalisha pumba na majani ya mboga, asubuhi na jioni. Alikataza kelele kando ya bwawa. Mgeni akitaka kuwaona samaki alisubiri saa ya kuona wagonjwa. Kinyozi akalibatiza bwawa jina: wodi.

Samaki walipokuwa wamefikia ukubwa wa kiganja, mkunga akamwona mmoja amejitenga, hataki kula, mashavu yamevimba.

"Ana matubwitubwi!" akapiga kelele, yeye mwenyewe aliyekataza kelele. "Njoo unishikie!"

"Mimi kinyozi," mumewe akajitetea, lakini akaja.

Walimwopoa kwa beseni. Mkunga akamfungua mdomo polepole kwa ncha ya kidole, jinsi anavyowafungua watoto wanaokataa dawa. Vikamwagika visamaki kwenye beseni, vidogo kama punje za mchele, kila kimoja ni macho mawili na mkia. Mkunga akakaa chini, papo hapo kwenye tope.

"Wanatokea mdomoni," akasema. "Mume wangu, wanatokea mdomoni!"

"Na wewe miaka yote ulikuwa unawaambia wafunge mdomo wasukume," kinyozi akasema.

Alipolirudisha beseni ndani ya maji, yule jike aliachama, na watoto wakakimbilia kinywani mwake mmoja baada ya mwingine. Machozi yakamlengalenga mkunga. Siku nzima alisimulia mtaani, na kila aliyemkatiza alianza kusimuliwa upya.

Furaha haikudumu. Majike walizaa, watoto wao nao wakazaana kabla hawajakua, bwawa likawa linachemka visamaki. Asubuhi walijaa juu ya maji wakiachamaachama midomo, naye akiwaitikia, akidhani wanamsalimia. Mtaalamu alipofika akashika kichwa.

"Hawakusalimii, mama. Wanatafuta hewa. Wamezidi, chakula hakiwatoshi, wote wamedumaa. Tia kambare wachache, wawale hao vifaranga."

Mkunga akajishika kiuno. "Yaani niajiri muuaji wodini?"

Binti akatafuta njia nyingine, kwa sauti ya chini. "Mama, wodi ikijaa, wazazi watatu kitanda kimoja, ulikuwa unafanyaje?"

"Walio wazima nilikuwa nawaruhusu waende nyumbani."

"Basi na hawa waruhusu."

"Nyumbani kwao wapi?"

"Kwenye kikaango," kinyozi akadakia, na akahama kiti haraka.

Mkunga hakula chakula cha mchana. Jioni akatoka chumbani, akasema, "Leteni wavu."

Siku ya kuvua aliwaalika wajawazito wa kliniki. Kinyozi alijitolea kuvuta wavu upande wenye kina, kiatu kikateleza, akazama na kofia yake, akatokea na perege ndani ya shati. Akina mama walicheka hadi mmoja akaambiwa akae chini asije akajifungua pale pale. Samaki walikaangwa wazima wazima, wadogo mno hata mifupa yao ilitafunika. Mama mmoja mwembamba alikula bila kusema neno, akajilamba vidole, akaomba wengine wa kumpelekea mwanawe. Mkunga alikuwa ameapa hataonja. Alimtazama yule mama, akachukua mmoja kwenye sahani, akamwomba radhi kimoyomoyo, akamtafuna na kichwa chake.

"Huyu anataka chumvi," akasema.

Baada ya hapo alichimba bwawa la pili, mtaalamu akamfundisha kumgeuza samaki tumbo juu na kutazama vitundu vyake: dume vitundu viwili, jike vitatu. Madume peke yao huku, majike peke yao kule, ili wakue badala ya kuzaana. Katika hilo mkunga alishika kasi hata mtaalamu akaacha kumsaidia.

Fundi wa magari wa jirani naye alichimba bwawa lake, akanunua samaki kwa mtu asiyemjua, akahakikishiwa ni madume watupu. Akamwita mkunga aje amkagulie. Mkunga akamgeuza wa kwanza, akamgeuza wa pili, akaendelea mpaka ndoo ikaisha. Akajifuta mikono, akampa mkono fundi.

"Hongera, baba," akasema. "Wote mabinti."