Fungu la Mtumbwi

Mwaka jana niliporudi Ujiji nilikuta mafundi wako juu ya nyumba ya Bibi wakifumua mabati ya zamani. Binamu yangu, ambaye ndiye anayekaa pale siku hizi, alikuwa chini akipokea kila kilichoteremshwa kutoka darini: kapu bovu, taa ya chemli isiyo na kioo, na daftari langu la hesabu la darasa la nne, ambalo miaka ile niliapa kwa mwalimu kwamba limeibwa. Mwisho likateremshwa jiti moja, urefu wake haufiki kiunoni, pana upande mmoja, ncha imeungua na kulika.

"Dada, hiki nacho ni nini?" binamu akaniuliza. "Kwa mwiko ni kikubwa, kwa kasia ni kifupi."

Akalitupa kwenye rundo la kuni. Mimi nikalifuata, nikalichukua, nikaketi nalo barazani mpaka mafundi wakaanza kunitazama. Wewe kaa hapa nikusimulie, maana wao nilishindwa kuwaeleza.

Baba yangu alikuwa mtumishi wa serikali, wa kuhamishwa kila mara, kwa hiyo mimi niliachwa kwa Bibi, Buzebazeba, nisome bila kubadilisha shule. Kutoka uani kwake hadi ziwani ulikuwa mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Asubuhi mji ulinuka dagaa walioanikwa mchangani, na kufika saa nne harufu ya mawese yaliyochemka ikaifunika ile ya dagaa. Nguo zangu za shule zilibeba harufu zote mbili, na nilipokwenda likizo kwa wazazi, mama alizifua mara mbili kabla ya kuniuliza habari za safari.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Burundi ilikuwa inawaka moto na watu walivuka kuja kwetu kila uchao, kwa miguu na kwa mitumbwi. Kuna wakati madarasa yetu yalilala watu, nasi tukasomea nje. Wengine waliwaita wakimbizi. Bibi aliwaita wageni, na ole wako utumie lile neno lingine mbele yake wakati ana mwiko mkononi.

Jumamosi moja mimi na Bibi tulikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, tukisugua masufuria kwa mchanga, tukaona mtumbwi wa gogo unakuja taratibu kando ya matete. Ndani yake alikuwamo mama mmoja, watoto wawili wadogo, na kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa ametokea upande wa Rumonge, akiambaa na ufuko siku kadhaa. Mume hakuwamo, nasi hatukuuliza. Bibi akamsalimu kwa Kiha, yeye akaitikia kwa Kirundi, na kabla mtumbwi haujagusa mchanga walikuwa wanazungumza kama watu waliokulia uani pamoja. Siku ile wageni wetu walikula ugali wa muhogo na migebuka ya mawese mpaka yule mdogo akalala na tonge mkononi.

Walikaa kwetu siku tatu. Siku ya nne lori likaja kuwachukua wote waliokuwa mjini na kuwapeleka kambini, huko bara, njia ya Kasulu, ambako hakuna ziwa. Mama yule akamshika Bibi mikono, akageukia mtumbwi wake.

"Mama, ubwato wangu nauacha kwako," alisema. "Vita ikiisha nitarudi nao kwetu."

"Utaukuta," Bibi akamjibu.

Kisha mama yule akaweka kasia lake begani, akapanda nalo lorini. Askari akamwambia vitu virefu haviruhusiwi. Akalilaza chini, akalikalia.

Bibi alinieleza jioni ile, tukichambua mchicha, kwamba mtumbwi ule ni amana. Si zawadi, si wa kuazimwa. Jirani yetu, mvuvi wa mshipi ambaye mtumbwi wake ulikuwa umechoka kuliko yeye mwenyewe, alikuja kwa adabu zote kuuomba walau siku za Ijumaa.

"Una mwenyewe," Bibi akamwambia.

Alirudi mara ya pili na fungu la samaki, ngege wabichi. Bibi akapokea ngege, akashukuru, akasema tena kwamba una mwenyewe. Jirani akakubali yaishe, ila akatoa shauri: kama hautumiki, basi uzamishwe, maana gogo likikaa juani linapasuka. Wakaujaza mawe, wakaulaza kwenye maji ya kiunoni katikati ya matete. Kazi yangu mimi ikawa kupita kila siku baada ya shule kuhakikisha kwamba mawe yapo na mtumbwi upo chini yake. Nilikuwa na miaka kumi, na sidhani kama nimewahi kupewa cheo kikubwa zaidi tangu hapo.

Sasa ngoja nikwambie nilivyokitumia cheo hicho. Bibi alikwenda Ilagala kwenye arusi. Nikaachwa kwa jirani, ambaye alikuwa na binti wa umri wangu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Asubuhi ile ile tukaingia kwenye matete, tukatoa mawe moja moja, tukachota maji kwa kopo, na mtumbwi ukaibuka mweusi, unateleza, mzuri ajabu. Kasia hatukuwa nalo. Tukachukua mwiko wa Bibi, ule mkubwa wa kusongea ugali wa shughuli.

Nitasema ukweli hata kama ninaona aibu: ile ilikuwa asubuhi tamu kuliko zote za utoto wangu. Ziwa lilikuwa limetulia, maji maangavu hata ukaona mchanga chini na vivuli vya samaki vikipita juu yake. Tulipiga mwiko kwa zamu, tukizunguka mara mbili kwa kila hatua moja ya mbele. Karibu na mawe tukateremsha mshipi wa baba yake, dagaa mmoja kwenye ndoana. Nilipoona uzi unakimbia nikajua ni kuhe, maana kuhe hakubembelezi. Alinikata kidole. Tulipompandisha, wa manjano, ana madoa ubavuni, urefu wa mkono wangu, tukashikana tukacheka mpaka mtumbwi ukaanza kuingiza maji.

Tuliporudi ufukoni ndipo tukakumbuka mawe. Tulikuwa tumeyatoa kwa furaha. Kuyarudisha kulihitaji furaha nyingine, nasi tulikuwa tumeimaliza yote. Tukauvuta mtumbwi mchangani, tukaufudikiza, tukasema kesho. Kesho tulikuwa na mengine. Bibi alikaa Ilagala siku nne, na ulikuwa mwezi wa nane, jua la kiangazi halina mchezo. Tulipokumbuka kwenda, gogo lilikuwa limepasuka kutoka ncha ya mbele hadi kupita katikati, ufa wa kuingiza kidole.

Hatukumwambia mtu. Bibi akarudi, akainjika sufuria, akaushika mwiko wake, akaunusa.

"Mwiko huu ulikwenda wapi?" akauliza.

Nikaanza kulia hapo hapo. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alivaa kanga yake, tukateremka wote ziwani, akakaa mchangani kando ya ule ufa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama yule atarudi kwao na nini?" Nikaona machozi yanamtoka. Nilikuwa nimemwona Bibi akilia mara moja tu kabla ya siku ile, alipofariki Babu.

Jirani ndiye aliyeuokoa mtumbwi. Aliurudisha kwanza kwenye maji ukalowa, ufa ukajibana kiasi chake. Akashindilia pamba na lami, akaweka vipande vya ndala kuukuu, juu akapigilia utepe wa bati. Alipomaliza akamwambia Bibi kwamba kiraka hakifai kuzikwa chini ya mawe. Kitaoza pasipo mtu kujua. Mtumbwi wenye kiraka ni lazima ufanye kazi, uangaliwe kila siku unavujia wapi.

Bibi aliwaza siku mbili. Siku ya tatu akatoa hukumu. Pale mwaloni ilikuwa desturi kwamba samaki wakifika wanagawanywa, na mtumbwi nao unapata fungu lake, kwa kuwa nao umefanya kazi. Basi jirani auchukue avulie karibu na ufuko, asubuhi tu, lakini fungu la mtumbwi litakwenda kwa mwenye mtumbwi, kambini.

"Na wewe," akanigeukia, "utalitengeneza. Na siku akirudi, kosa lako utalisema kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza samaki. Kila siku baada ya shule fungu lilikuwa linaningoja kwenye beseni. Nikapara magamba, nikapasua mgongoni, nikawatandaza juu ya moshi wa kuni za mpera. Darasani waliniita Kuhe, na magamba yalikuwa kweli yamenigandia viwikoni, nisingeweza kubisha. Kapu likijaa, jirani alimpa dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akiswali naye. Dereva alilifikisha, na kapu halikurudi tupu hata mara moja. Lilirudi na maharage yaliyofungwa kwenye kitambaa, au mbegu za maboga, na mara moja kifuniko cha mtungi alichokisuka mama yule mwenyewe. Bibi alikiweka mezani, akatukataza kukigusa.

Ilikwenda hivyo miaka. Kila kapu lilipoondoka nilitamani kutia barua chini ya samaki, nieleze ufa. Niliandika tatu, zote nikazichoma. Nilimwogopa mama yule ambaye kwa kweli alikuwa amenitendea mema tu, na nikiri kwamba usiku nilipoomba vita iishe, kuna sehemu yangu iliyosema isiishe upesi sana.

Nilikuwa kidato cha pili alipokuja. Watu walikuwa wameanza kuandikishwa kurudi kwao, naye alipata kibali cha siku mbili. Alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Alisalimiana na Bibi mlangoni muda mrefu, wakiulizana habari za kila mtu aliye hai, kisha akasema anataka kuuona ubwato.

Tukateremka. Jirani alikuwa ameuegesha kwenye maji ya kifundo, umesafishwa. Bibi akasimama nyuma yangu, nikajua zamu yangu imefika.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeupasua. Nilikwenda kucheza nao, nikauacha juani."

Aliinama, akapitisha kiganja juu ya utepe wa bati toka mwanzo hadi mwisho, polepole. Kisha akafungua furushi lake la kanga, akatoa jiti moja fupi, ncha imeungua.

"Kambini walitupa sufuria," alisema. "Mwiko hawakutupa. Nimesonga ugali kwa hili toka siku ya kwanza. Likiungua nachonga, likiungua nachonga. Hili ndilo kasia langu, mwana wanje. Tumelila mimi na watoto." Akanitazama. "Nimekuja njia nzima ninawaza nitamwambiaje Mama, ametunza mtumbwi na mimi nimeshindwa kutunza kasia."

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Akamweleza kwamba huku kwetu nako mwiko ulikwenda kuvua. Wakacheka wale wanawake wawili mpaka wakakaa mchangani, wakashikana mabega, na sikuweza tena kujua ni lini kicheko kiligeuka kilio. Mimi nililia waziwazi, sikujali jirani anaona.

Kesho yake alfajiri ilipokwisha pambazuka mama yule alinichukua tukavue, kwa kasia la jirani. Mtumbwi ulimtii mara moja. Alipitisha mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ikabaki huru, na kabla jua halijapanda tulikuwa na kuhe watatu. Kisha akaacha kuvua, akageukia kaskazini, ambako milima inashuka majini mmoja nyuma ya mwingine hadi kwao. Akapiga kasia mara nne, tano, kuelekea huko. Kama angeendelea ningekwenda naye. Lakini watoto walikuwa kambini na majina yao yalikuwa kwenye orodha ya lori. Akageuza mtumbwi mwenyewe.

Jioni aliliacha kwa Bibi kasia lake, lile jiti lililoungua. "Likae na mwenzake," alisema. "Nitakuja kuvichukua vyote." Bibi akampa mwiko, ule mkubwa, akaufunga kwenye kanga lilipokuwa kasia. Wiki chache baadaye walirudishwa kwao kwa barabara ya Manyovu, na baada ya hapo kapu halikuwa na pa kwenda.

Nilidhani fungu la mtumbwi limekwisha. Bibi akanishangaa. Wageni walikuwa bado wanafika, safari hii wengi wakitokea Kongo, na yeyote aliyeshuka mwaloni na njaa alipewa fungu lile. Nyumbani kwetu hakuna aliyelila hata siku tulizokosa kitoweo. Mtumbwi ulifanya kazi mpaka jirani akafariki na viraka vikazidi gogo lenyewe. Watu wakaomba wakate kuni. Bibi akakataa, ukaozea kwenye matete. Naye Bibi sasa tumemzika. Ziwa limepanda, na pale tulipouzamisha mtumbwi matete yenyewe yamezama. Mitumbwi ya gogo siioni tena, na watoto wa mtaani hawajui kwamba mtumbwi ulikuwa na fungu lake.

Binamu aliniita kutoka jikoni. Chai ya mafundi ilikuwa haijachemka na moto unazima.

"Dada, lete basi hilo jiti."

Nililigeuza mikononi. Kwenye nyufa za mti, juu ya palipoungua, ulikuwa umebaki ugali mweupe, mkavu, mgumu.

"Lina mwenyewe," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

Nikamwita fundi ashuke ngazi, nikampa alirudishe darini kabla hajapigilia bati la mwisho.