Sapu ya Mwanza na Pasi ya Shangazi

Nilitoka nyumbani Majita kwenda Mwanza kwa sababu moja tu: sapu. Wasiosoma chuo niwaeleze. Ukifeli mtihani unapewa nafasi ya kuurudia, hiyo ndiyo sapu. Ukifeli na huo, umedisko, unafungasha virago na chuo hakikujui tena. Nami nilikuwa nimefeli Fasihi Simulizi, somo la hadithi, nyimbo na vitendawili, mimi niliyelelewa na bibi msimulizi. Aibu iliyoje.

Lakini vitendawili havikunifelisha. Mimi sioni, tangu nilipougua surua nikiwa mdogo. Siku ya mtihani nilipewa karatasi ya wino kama wenzangu wote. Msimamizi akanisomea maswali harakaharaka, kwa sauti ya chini asiwasumbue wengine, kisha akaenda zake kuzunguka kati ya madawati. Kuna swali ambalo hadi leo sijui liliuliza nini. Matokeo yalipotoka ndipo rafiki yangu wa bwenini akaniambia kwamba chuo kina kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu. Mwaka mzima nilikuwa napita mlangoni pake bila kujua, kwa sababu bango lake limeandikwa kwa rangi. Nilikwenda nikamkuta mwalimu Magesa, mtu wa kuongea taratibu, akaniahidi kwamba sapu yangu itaandikwa kwa nukta nundu, zile nukta zilizoinuka ambazo tunazisoma kwa vidole. Akanichapia na notsi zote za somo. Nikaja nazo nyumbani likizo, nikawa nashinda nazo ukumbini kutwa nzima.

Asubuhi ya safari mama alitaka anitafutie mtu wa kunisindikiza. Nikamwambia mtihani nitaufanya peke yangu, kwa hiyo na gari nitalipanda peke yangu. Akasonya. Kisha akanifungia samaki wa kukaanga kwenye mfuko, nikajua amekubali. Bodaboda wa jirani akanifikisha barabara kuu, na basi la Mwanza halikuchelewa.

Ndani ya basi konda alinikalisha siti ya mbele, jirani na mama mmoja Msukuma aliyekuwa anarudi Magu. Alipokuja kukata tiketi, konda akamwuliza yule mama, "Huyu anashukia wapi?"

"Nitamjulia wapi mimi?" mama akajibu. "Muulize mwenyewe, mdomo anao."

Nikampenda papo hapo. Tulipita Bunda tukiwa tumeshakuwa ndugu, tunamega samaki wa mama pamoja. Tulipofika Lamadi yule mama aliniambia kwamba nyani wamekaa kando ya lami wanatazama magari kama wanaomsubiri mgeni wao. Huko upepo wa ziwa uliingia dirishani na harufu ya dagaa wanaoanikwa, nikajisikia nipo nyumbani. Yule mama aliniuliza nasomea nini, nikamwambia ualimu. Hakusema "maskini", wala hakuniuliza nitawafundishaje watoto nisiowaona. Aliuliza kama walimu wa siku hizi bado wanachapa. Alipofika Magu akanishika mkono akaniombea heri, nikabaki nimekosa mtu wa kuzungumza naye mpaka mjini.

Stendi ya Buzuruga, Mwanza, nilipokelewa na shangazi Nyafuru, dada yake baba, anayeuza samaki na kuishi Pasiansi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaninyang'anya begi. Shangazi ananipenda mapenzi ya kuchosha. Nyumbani kwake alinikatalia hata kunyanyua kikombe. Chakula kilipoletwa akaanza kunichambulia sato ili nisikwamwe na miiba, ikabidi nimkumbushe kwamba mimi ni mtoto wa ziwani na miiba naijua. Akacheka, lakini kile kipande alichokwisha kuchambua akanilisha.

Kesho yake, siku moja kabla ya mtihani, nilikwenda kuoga. Nilipotoka nikakuta nyumba inanukia mkaa na shangazi anaimba nyimbo za kwaya, dalili kwamba amefurahia kazi fulani.

"Zile karatasi zako zilikuwa zimeingia maji kwenye basi," akaniambia. "Zimeota vipele kila mahali. Nimezipiga pasi zote, halafu nimezilaza chini ya godoro. Sasa zimenyooka vizuri."

Nilikwenda kwenye godoro. Nikatoa ukurasa wa kwanza, nikapitisha vidole. Laini. Nikatoa wa katikati. Laini kama sahani. Notsi zote za Fasihi Simulizi, maghani, misemo, ngano za mazimwi, zilikuwa zimelala hazina neno hata moja. Niliketi sakafuni. Mtihani kesho, disko mlangoni, na mtu wa kumkasirikia ni huyu aliyeamka mapema kuwasha mkaa kwa ajili yangu. Nikamweleza kwamba vile vipele ndiyo maandishi. Nilimsikia akiketi kando yangu, kisha pumzi zake zikaanza kukatikakatika.

Nikampigia mwalimu Magesa simu. Nilimweleza yote.

"Pasi ya umeme au ya mkaa?" akauliza.

"Ya mkaa."

"Basi hapo hakuna cha kuokoa. Njoo ofisini, tuzichape upya."

Tuliondoka kwa bajaji, mimi na shangazi, kwa sababu alikataa kubaki. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama nitafukuzwa kwa ajili yake, nami nikawa namjibu hapana bila kuwa na uhakika. Kitengoni mwalimu Magesa alikuwa ameshawasha mashine. Mashine ya kuchapa nukta nundu ina kelele, inapasukapasuka kama bisi kwenye sufuria, na sijawahi kufurahia kelele namna ile. Ukurasa wa kwanza ulipotoka mwalimu hakunipa mimi. Alimwomba shangazi mkono, akamwekea vidole juu ya mstari wa kwanza na kumwambia kwamba hapo pameandikwa "Fasihi Simulizi ni nini". Shangazi akakaa na ule mkono pale kwa muda mrefu.

"Kumbe nilimfutia ubao mtoto," akasema.

Mwalimu akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka shangazi naye akashindwa kujizuia. Kisha mwalimu akatueleza kwamba karatasi ya mtihani imeshachapwa, imefungwa kwenye boksi gumu ili mtu asije akaiwekea mzigo juu. Nitakuwa na chumba changu, na muda wa ziada, na kompyuta ya kujibia, inayosoma kwa sauti. Shangazi akauliza hilo boksi liko wapi, ajue pa kutopita.

Siku ya mtihani niliingia chumbani nikaketi. Msimamizi alinikabidhi boksi, akarudi kwenye kiti chake, akakaa kimya. Nilifungua nikaweka vidole kwenye swali la kwanza. Nikalisoma. Nikalirudia, kwa sababu tu niliweza kulirudia. Hakuna aliyeninong'oneza wala aliyetazama saa kwa niaba yangu. Nilikuwa mimi na mtihani, kama mwanafunzi mwingine yeyote, na ule mzigo niliokuwa nao kifuani tangu matokeo yale ukaniondoka hata kabla sijaandika jibu.

Njiani kurudi nyumbani nilisinzia kuanzia Kisesa mpaka Bunda. Nilipozinduka nilikuwa nawaza kwamba ningeuliza mapema kama kuna kitengo, nisingefika kwenye sapu. Tangu sasa nikifika mahali nauliza kwanza, tena kwa sauti. Msaada nilioupata haukunipunguzia swali hata moja. Ulinifikisha tu mahali ambapo wenzangu walikuwa wameshakaa. Na jambo jingine: anayekupenda mweleze jinsi vitu vyako vinavyofanya kazi, la sivyo atakupigia pasi.

Wiki chache baadaye simu ya mwalimu Magesa ilinikuta kando ya ziwa, nikimsaidia mama kuanua dagaa. Sapu, hata ujibu kama malaika, haizidi C. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikakata simu. Mama alikuwa ameacha kuanua.

"Umepata ngapi?"

"C."

"C ndiyo nini?"

Nilitaka kumweleza habari za madaraja na alama, nikaacha.

"Ni kwamba narudi chuo, mama."